Askari wa shilingi 105: kisa cha Colito, Januari 1964

Mwanzoni mwa 1964, askari wa cheo cha chini katika jeshi la Tanganyika alikuwa akilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa Dar es Salaam, kilichowekwa na serikali hiyohiyo mwaka mmoja nyuma, kilikuwa shilingi 150. Ni kweli kwamba askari alilala bure na kula bure kambini, wakati kibarua alilipa kodi ya chumba na kununua unga wake mwenyewe, kwa hiyo fedha hizo mbili hazilingani moja kwa moja. Lakini askari hakupiga hesabu ya kihasibu. Aliona mfagiaji wa mjini anamzidi kipato, na bunduki ameibeba yeye.

Nimetanguliza mshahara kwa sababu kisa cha Colito, maasi ya askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam, kimezoeleka kusimuliwa kama jaribio la kuipindua serikali. Mimi sikioni hivyo. Kwa siku nne za mwanzo kilikuwa mgomo wa wafanyakazi ambao bahati mbaya ya nchi iliwapa silaha. Siku ya tano kilianza kunukia kitu kingine, na ni harufu hiyo, kuliko mgomo wenyewe, iliyomfanya Mwalimu Nyerere atie saini barua ambayo hakutaka kamwe kuiandika.

Jeshi lenye nembo mpya na wakubwa walewale

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi ililolirithi lilikuwa kipande cha King's African Rifles, KAR, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki. Walibadilisha nembo na jina, likaitwa Tanganyika Rifles. Batalioni ya kwanza ilikaa Colito, kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya Dar es Salaam, kwenye barabara ya Bagamoyo. Batalioni ya pili ilikaa Tabora. Wote pamoja walikuwa kama elfu mbili hivi.

Jina la Colito linastahili sentensi mbili. Ni mahali kule Ethiopia ambako askari wa KAR walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Kambi ya taifa huru, basi, ilikuwa inaadhimisha ushindi wa Mfalme wa Uingereza.

Miaka miwili na mwezi mmoja baada ya uhuru, kamanda wa jeshi alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Chini yake, vyeo vikubwa vilishikwa na Waingereza, na maofisa wazalendo walikuwa wachache, wengi wao vijana waliotoka mafunzoni juzi. Sajini mwenye miaka kumi na mitano jeshini, aliyejua kazi kuliko luteni anayempigia saluti, alikuwa na haki ya kujiuliza uhuru ulipita mlango gani. Katika ofisi za serikali Waafrika walikuwa wakipanda ngazi, na mawaziri walikuwa wazalendo. Kambini filimbi ilipulizwa na mzungu yuleyule.

Halafu tarehe 7 Januari 1964 Nyerere akatoa waraka kwa utumishi wa serikali. Ulisema upendeleo kwa Waafrika katika ajira, mafunzo na vyeo ukome, kuanzia sasa raia ni raia, rangi isiangaliwe. Kwa maadili huwezi kuulaumu. Kwa wakati wake, ulikuwa kama kufunga duka siku ambayo foleni ya askari ilikuwa ndiyo kwanza imefika dirishani. Waraka ulihusu utumishi wa umma na haukulitaja jeshi, lakini habari zinapofika kambini zinakuwa zimeshapita midomo mingi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliupinga hadharani, nao walikuwa na vidonda vyao: sheria za 1962 zilikuwa zimewabana kiasi kwamba kugoma kihalali kulikuwa karibu hakuwezekani, na mwaka huohuo ilipita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani.

Siku tano baadaye, Jumapili ya tarehe 12, Mapinduzi ya Zanzibar. Serikali ya Sultani iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba ikaanguka kabla haijatimiza hata miezi miwili. Mambo mawili yalivuka bahari kuja Dar es Salaam. La kwanza lilikuwa somo: watu wenye silaha chache, tena nyingine zilizonyang'anywa kwa polisi usiku ule, wanaweza kuiondoa serikali kabla ya chai ya asubuhi. La pili lilikuwa pengo, kwa maana Tanganyika ilipeleka kikosi cha polisi Unguja kwenda kusaidia kutuliza hali. Polisi ndio wangekuwa mkono wa serikali endapo jeshi lingeleta matata. Sasa mkono huo ulikuwa ng'ambo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu

Mnamo saa nane usiku, tarehe 20 Januari, king'ora kililia Colito. Askari walifungua ghala la silaha na kuwakamata maofisa wao Waingereza mmoja mmoja, baadhi wakitolewa vitandani. Brigedia Douglas aliponyoka, akajificha mjini. Makundi ya askari yakashuka mjini kwa magari na kushika sehemu muhimu: Ikulu, kituo cha redio, uwanja wa ndege, posta ya simu. Aliyetajwa baadaye mahakamani kuwa kinara alikuwa sajini, Francis Hingo Ilogi.

Mpangilio wa usiku ule unafanana na mapinduzi, sikatai. Redio, uwanja wa ndege na Ikulu ndiyo orodha ileile ya kila nchi. Ila angalia walichofanya wakishavishika. Hawakusoma tangazo lolote la kuchukua nchi. Hawakumtaja rais mpya. Waliuliza rais yuko wapi, maana walitaka kuzungumza naye kuhusu mishahara na maofisa wa kizungu. Madai yalikuwa mawili: Waingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260.

Rais hakuwepo. Mlinzi wake mkuu, Peter Bwimbo, alikuwa amekwisha kumtoa Ikulu pamoja na Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa, na kuwavusha kwenda Kigamboni.

Hapa ndipo watu hubishana hadi leo. Wapo wanaosema kiongozi hakimbii. Mimi nadhani Kigamboni ndiko nchi ilikookolewa, na sababu yangu iko Togo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 13 Januari 1963, wanajeshi walimwendea Rais Sylvanus Olympio usiku. Nao hawakuwa na itikadi. Walikuwa askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa wakitaka kuingizwa katika jeshi la nchi yao, na Olympio alikuwa mgumu katika fedha. Kulipokucha alikuwa amelala amekufa karibu na lango la ubalozi wa Marekani mjini Lomé. Manung'uniko ya ajira yaligeuka mapinduzi kwa sababu rais alipatikana. Ukishamshika rais, hata kama ulikuja kudai posho, huwezi tena kurudi kambini ukalale. Utamfanya nini asubuhi? Ukimwachia, atakunyonga. Askari wa Colito hawakuwahi kusukumwa kwenye kona hiyo kwa sababu waliyemtafuta hakuonekana.

Kwa hiyo waliyempata ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, na Kambona alifanya kazi ya mwaka mzima katika saa chache. Alikubali kukutana nao, akaingia Colito katikati ya askari wenye hasira na bunduki zilizojaa, akasikiliza. Maofisa Waingereza walipelekwa uwanja wa ndege wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Luteni Elisha Kavana, mzalendo, akakabidhiwa uongozi wa batalioni. Kuhusu mshahara, Kambona aliahidi mazungumzo. Akaenda redioni kuwaambia wananchi kwamba serikali ipo na askari wanarudi kambini.

Kambona angeweza siku ile kujitangaza. Alikuwa na redio, alikuwa na askari waliomzunguka, na rais hakujulikana alipo. Miaka mitatu na nusu baadaye alikosana na Nyerere akaenda kuishi uhamishoni, na tangu hapo simulizi nyingi zimemfinya hadi kubaki tanbihi. Kwa tarehe 20 Januari peke yake, haki yake apewe.

Mjini, wakati huohuo

Jeshi liliporudi kambini liliacha mji usio na mwenyewe. Maduka ya Wahindi na Waarabu yalivunjwa na kuporwa, Kariakoo na Magomeni yakiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Askari wachache walishiriki, lakini kundi kubwa lilikuwa la raia wa kawaida waliokuta mlango umevunjika wakabeba kanga na sukari. Sehemu hii ya kisa haisimuliwi sana kwenye maadhimisho yetu, na naelewa kwa nini. Maasi unaweza kumwachia askari. Uporaji ulikuwa wetu.

Jumanne tarehe 21 Tabora nayo ikalipuka, kwa mtindo uleule. Jioni hiyo Nyerere alisikika redioni kwa mara ya kwanza, kwa maneno machache. Jumatano akatembea mjini kwa miguu, akaangalia maduka yaliyovunjwa na kuzungumza na watu. Kuonekana kwake kulikuwa na maana kuliko hotuba. Uvumi kwamba amekufa au amekimbia nchi ulikufa palepale.

Ila ukweli wa Jumatano hiyo ulikuwa mbaya: nchi ilikuwa na rais, na jeshi lilikuwa na bunduki zote. Colito walikuwa bado wanashika silaha, hawana maofisa wa kuwaamuru, na wamekwisha kuonja kwamba ukipiga kelele usiku waziri anakuja mbio. Serikali ya namna hiyo inaongoza kwa hisani. Na ugonjwa ukaenea kwa majirani: Alhamisi tarehe 23 askari wa Uganda waliasi Jinja, wakamzuia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Ijumaa tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, karibu na Nakuru, Kenya. Nchi tatu, jeshi mama moja, madai karibu yaleyale, wiki moja. Milton Obote na Jomo Kenyatta hawakusita kuomba askari wa Uingereza. Nyerere alisita.

Kusita kwake nakuelewa. Huyu ndiye aliyekuwa akihubiri Afrika ijikomboe. Kuwaita makomandoo wa taifa lililoshusha bendera yake hapa mwaka 1961, waje kuwapiga askari wa Tanganyika kwenye ardhi ya Tanganyika, ilikuwa sawa na mtu aliyehama kwa baba yake kwa kishindo kurudi usiku kuomba kulala sebuleni. Baadaye mwenyewe hakuficha. Aliliita jambo hilo fedheha kwa taifa.

Kilichomvunja ni taarifa za Ijumaa kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wanawasiliana na waasi. Hapa ndipo ninapotenganisha mgomo na mapinduzi. Askari wenye dai la mshahara hawajui la kufanya na Ikulu, ila viongozi wa wafanyakazi wenye ugomvi wa kisiasa na serikali wanajua. Ukiunganisha bunduki za upande mmoja na ajenda ya upande mwingine, Kigamboni haitoshi tena kukuficha. Nyerere akaomba msaada kwa maandishi.

Jumamosi tarehe 25, kulipopambazuka, manowari ya kubeba ndege HMS Centaur ilikuwa nje ya pwani ikiwa na kikosi cha 45 Commando cha wanamaji wa Uingereza. Meli nyingine ilipiga mizinga ya kutishia ili kuwababaisha walio kambini. Helikopta zikawashusha makomandoo Colito kwenyewe. Brigedia Douglas alikuwa pamoja nao, akiwaita kwa kipaza sauti askari wake wa wiki iliyopita wasalimu amri. Chumba cha walinzi langoni kilipigwa kombora. Waasi wachache waliuawa, wengine wakatoka mikono juu, na baadhi wakatimua kuingia porini. Kwa chini ya saa moja kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Mchana wa siku hiyo Tabora nayo ilinyang'anywa silaha.

Jeshi lililogoma kwa sababu ya maofisa wa kizungu lilisalimu amri kwa sauti ya ofisa yuleyule wa kizungu.

Kilichojengwa juu ya kifusi

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa habari ya wiki moja. Kwa jicho langu, serikali ilifanya mambo makubwa zaidi baada ya tarehe 25 kuliko kabla yake, na si yote nayasifia.

Jeshi lilivunjwa. Hawakuwachuja wabaya na kuwaacha wazuri. Batalioni ya kwanza ilifutwa na askari wake wakarudishwa makwao. Siku hiyohiyo ya Jumamosi Nyerere aliwaita vijana wa TANU wakajiandikishe kwa ajili ya jeshi jipya. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa mtupu. Mkoloni alimfundisha askari kwamba siasa si yake. Nyerere alifikia hitimisho la kinyume: askari asiye na chama hana kinachomfunga kwa nchi ila mshahara, na mshahara wenyewe tumeona. Vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, walikuwa sehemu ya mbegu. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, na Mirisho Sarakikya, aliyekuwa kapteni huko Tabora siku za maasi, akawa mkuu wake wa kwanza.

Vyama vya wafanyakazi vililipa gharama kubwa kuliko askari. Mamia ya watu walikamatwa, viongozi wa vyama wakiwemo, na shirikisho lao, TFL, likafutwa kwa sheria mwezi Februari. Mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Fikiria hilo: unayemdai na anayekudaia ni mtu mmoja. Huenda baadhi ya waliokamatwa walikula njama kweli. Lakini walioadhibiwa ni wafanyakazi wote, pamoja na wale ambao usiku wa tarehe 20 walikuwa wamelala. Tarehe 28 Januari, siku tatu tu baada ya makomandoo kutua, ikatangazwa tume ya kuandaa mfumo wa chama kimoja, chini ya Kawawa. Wazo lilikuwepo kabla ya maasi. Colito ililiharakisha.

Fedheha ya kuwaita Waingereza ilishughulikiwa kwa njia ya kiungwana zaidi. Katikati ya Februari Nyerere aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam, umoja uliokuwa haujafikisha mwaka, akawaeleza waziwazi kilichotokea na kuomba askari wa Kiafrika washike nafasi ya makomandoo. Nigeria ikaleta batalioni, ikalinda hadi jeshi jipya liliposimama.

Na Muungano? Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili, ukaanza tarehe 26, na Oktoba nchi ikapata jina la Tanzania. Wanaosema Muungano ni mtoto wa Colito wanavuta kamba mno. Zanzibar ilikuwa na sababu zake, vita baridi ilikuwa na zake. Ninachokubali ni kidogo: mtu aliyelala Kigamboni mwezi Januari kwa sababu ya bunduki chache hakuhitaji kushawishiwa kwamba kisiwa chenye misukosuko kilomita sabini kutoka jijini kwake ni jambo la usalama wake.

Linganisha na Jinja. Obote aliwakubalia askari nyongeza kubwa ya mshahara na akalibakiza jeshi lilelile. Miongoni mwa waliopanda cheo mwaka huo alikuwa Idi Amin, aliyepewa batalioni, na Januari 1971 alimpindua. Sitaki kuurahisisha mfano huu. Kenya ilivunja batalioni iliyoasi tu, si jeshi lake lote, na Kenyatta alifia kitandani mwake mwaka 1978.

Waasi wa Colito walishtakiwa mwaka huohuo. Hingo Ilogi alipewa miaka 15, wengine wakapewa vifungo vifupi zaidi, na wapo walioachiwa. Nyerere alisema wazi kwamba adhabu hizo ni nyepesi kupita kiasi, na kwamba hatazigusa, kwa sababu mahakama imekwisha kusema. Kambi nayo ilibadilishwa jina. Leo inaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali pale Iringa ambapo mwaka 1891 watu wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, kikosi ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika wa kulipwa mshahara.